MELI HUNUNULIWA, SERAHANGI HULELEWA

(Maneno ya hotuba kwa wanachama juu ya wajibu wa wakuu wa mabaharia katika jeshi la maji)



Mwananchi akisimama ufukoni akaona manowari inapita, macho yake huvutwa na mambo mawili. Huvutwa na chombo chenyewe, chuma kikubwa chenye mizinga na milingoti. Na huvutwa na ofisa aliyesimama juu, amevaa nguo nyeupe na mistari ya dhahabu mabegani. Akirudi nyumbani huwasimulia watoto wake habari za mizinga na habari za yule ofisa. Leo hatukusimama hapa kuzungumza juu ya mizinga wala juu ya ofisa. Tunataka kuzungumza juu ya mtu wa tatu, ambaye hakuonekana kutoka ufukoni. Hakuonekana kwa sababu alikuwa chini katika joto la mitambo. Au alikuwa ghalani anakagua mitungi ya kuzimia moto. Au alikuwa pembeni anamwonyesha kijana wa miaka 19 jinsi ya kusimama mbali na kamba nene ambayo ikikatika huua mtu.

Mtu huyu si ofisa. Aliingia jeshini kama baharia wa kawaida. Alisugua sitaha, alikesha zamu, alipanda cheo kwa cheo, na baada ya miaka mingi akawa mkuu wa mabaharia wenzake. Waingereza na Wamarekani wana majina yao ya cheo hiki. Sisi hatuna haja ya kuazima, kwani watu wa pwani yetu wanalo jina tangu zamani za mababu: serahangi. Jina hili asili yake ni Uajemi, likasafiri na pepo za kaskazi na kusi, likajulikana Bombay na likajulikana huku kwetu. Katika jahazi, nahodha ndiye mwenye amri ya safari, lakini serahangi ndiye mkuu wa mabaharia. Nahodha akisema tanga litwekwe, serahangi ndiye ajuaye nani ashike kamba ipi, nani anaumwa leo, na kamba ipi imeanza kuoza. Kwa hiyo katika mazungumzo haya tutalitumia jina hilo kwa wote wa daraja hiyo, wawe wa jahazi au wa manowari, wawe wa India, wa Uingereza, wa Marekani au wa kwetu, ambako katika jeshi letu watu wa daraja hiyo ni masajini, na juu yao maafisa wateule.

Neno letu ni moja, nalo tunaomba kila mmoja wenu aondoke nalo. Kazi ya serahangi ni kusimama katikati, ili amri ishuke kupitia kwake na ukweli upande kupitia kwake. Njia hizo ni mbili. Moja ikizibwa, meli imo hatarini hata kama chuma chake ni kipya na rangi yake inang'aa.

KWA NINI CHEO HIKI KIPO

Ndugu zangu, wako watu wanaodhani kwamba jeshi ni amri tu: mkubwa hutamka na mdogo hutenda. Laiti mambo yangalikuwa rahisi hivyo! Ofisa kijana hufika melini akitoka chuoni. Elimu yake ni kubwa lakini bahari yake ni ndogo. Naye kwa cheo chake hupewa amri juu ya mtu aliyekuwa baharini tangu yeye yu mtoto wa shule. Nani atamfundisha ofisa huyu kazi ya kuongoza watu? Kitabu hakitoshi. Atakayemfundisha ni serahangi, tena kwa adabu, faraghani, bila ya kumvunjia heshima mbele ya vijana. Hii ni kazi ngumu sana. Ni kazi ya kumlea mtu ambaye kesho atakuamuru.

Katika manowari ndogo za Uingereza, kwa desturi ya miaka mingi, mkuu wa mabaharia ndiye aliyeshika usukani meli ilipoingia bandarini au vitani. Na yeye huyo huyo ndiye aliyeangalia nidhamu ya mabaharia. Angalieni jinsi kazi hizo mbili zilivyowekwa mkononi mwa mtu mmoja. Hakuwa nahodha, wala hakuamua meli iende wapi. Lakini saa ya hatari nahodha alitaka usukani ushikwe na mkono ule aliouamini kuliko yote, na mkono huo haukuwa wa ofisa.

Wamarekani nao waliweka cheo cha mkuu wa mabaharia katika jeshi lao la maji tarehe 1 Aprili, 1893. Mwaka 1958 waliongeza vyeo viwili zaidi juu yake, kwa sababu mitambo ilikuwa imekuwa mingi na ujuzi ulihitaji ngazi ndefu zaidi. Na mwaka 1967 walimteua mmoja, Delbert Black, akae makao makuu awe mdomo wa mabaharia wote mbele ya mkuu wa jeshi la maji. Taifa tajiri kama lile, lenye manowari kuliko taifa lolote wakati ule, liliona kwamba utajiri wa meli hautoshi. Lilihitaji mtu wa kupandisha ukweli kutoka chini.

WAJIBU WA KWANZA: KUJUA KAZI NA KUIFUNDISHA

Wajibu wa kwanza wa serahangi ni kuijua kazi kwa mikono yake na kuwaachia wengine ujuzi huo. Tutatoa mfano wa moto.

Tarehe 29 Julai, 1967, manowari ya Marekani iitwayo Forrestal, moja ya zile kubwa zinazobeba ndege, ilikuwa katika ghuba ya Tonkin. Ilikuwa huko kwa ajili ya kuwapiga mabomu watu wa Vietnam, na sisi hatuna sifa ya kuipa vita ile. Lakini mwenye busara hujifunza hata kwa nyumba ya jirani asiyempenda. Asubuhi ile, ndege zikiwa zimejipanga juu ya sitaha tayari kuruka, roketi moja ilifyatuka kwa hitilafu ya umeme ikapiga tangi la mafuta la ndege nyingine. Mafuta yakamwagika, yakawaka, na bomu likaanguka katikati ya ndimi za moto.

Palikuwa na serahangi mmoja, jina lake Gerald Farrier, mkuu wa kikosi cha kuzima moto. Hakungoja kuvaa nguo za kumkinga. Alichukua mtungi wa kuzimia moto akakimbilia lile bomu, akajaribu kulipoza ili watu wake wapate nafasi ya kufika na mabomba ya maji. Walifundishwa kwamba bomu la namna ile huweza kustahimili moto kwa dakika kadhaa. Lakini mabomu yale yalikuwa ya zamani, yaliyokaa ghalani miaka mingi, na hayakuwa na ustahimilivu huo. Hata dakika mbili hazijatimia tangu moto kuanza, lililipuka. Farrier alikufa pale pale pamoja na wengi wa watu wake. Mpaka moto ulipozimwa, watu 134 walikuwa wamekufa.

Sasa sikilizeni jambo la kujifunza. Mlipuko ule wa kwanza uliwaondoa karibu wote waliofundishwa barabara kazi ya kuzima moto. Waliobaki walikuwa mashujaa, hakuna anayeweza kuwanyima jina hilo, lakini hawakuwa na mafunzo. Wengine walimwaga povu la kuzimia moto, na wengine, kwa nia ile ile njema, wakalielekezea maji wakalikosha povu lile likaisha. Ujasiri ulikuwapo na ujuzi haukuwapo. Baada ya msiba huo, jeshi lile lilishika kanuni kwamba kuzima moto si kazi ya kikosi kimoja bali ni kazi ya kila baharia, na chuo chao cha kuzima moto kule Norfolk kikapewa jina la Farrier.

Basi serahangi ambaye anajua peke yake hajatimiza wajibu wake. Ujuzi ukikaa katika kichwa kimoja, kichwa hicho kikianguka ujuzi umeanguka. Wako watu, ndugu zangu, si jeshini tu bali katika karakana na maofisi pia, ambao huficha ujuzi wao ili wasipate mshindani. Mtu wa namna hiyo hujiona ana akili. Kumbe ameiweka meli nzima rehani kwa ajili ya cheo chake.

WAJIBU WA PILI: KUWAAMBIA WATU UKWELI

Amri haishuki kama jiwe. Amri hushuka pamoja na maelezo, na mwenye kuyaeleza ni serahangi. Baharia anaweza kuvumilia taabu nyingi akijua sababu yake. Asichoweza kuvumilia ni kudharauliwa.

Mwezi Septemba 1931, serikali ya Uingereza ilikuwa katika shida ya fedha ikaamua kupunguza mishahara. Baharia wa kawaida aliyelipwa kwa viwango vya zamani, aliyekuwa akipata shilingi 4 kwa siku, aliambiwa atapata shilingi 3. Yaani robo nzima ya riziki yake imekatwa, na hali mishahara ya wakubwa ilikatwa kwa kiasi kidogo zaidi kwa kila mia. Hilo pekee lilikuwa dhuluma. Lakini palikuwa na baya jingine juu yake: mabaharia wengi wa manowari zilizokuwa Invergordon, huko Scotland, waliipata habari hiyo magazetini kabla ya wakubwa wao kuwaeleza neno. Hebu fikirini. Mtu ana mke na watoto na kodi ya nyumba, naye anajua kwa gazeti kwamba chakula chao kimepungua!

Tarehe 15 na 16 Septemba mabaharia walikataa kuzipeleka manowari baharini. Hawakumwaga damu. Walikusanyika sitahani, wakapiga kelele za furaha kutoka meli hadi meli, na meli hazikwenda. Dunia nzima ilishtuka kwamba jeshi la maji la Mwingereza, lililoogopwa katika kila bandari, limesimama kwa sababu ya shilingi moja. Siku chache baadaye, tarehe 21 Septemba, Uingereza ilivunja kanuni yake ya kuifungamanisha fedha yake na dhahabu. Na kile kipunguzo cha mishahara ya mabaharia kikarekebishwa kisizidi asilimia 10.

Ukiuliza maserahangi walikuwa wapi siku zile, utaona walikuwa katika mahali pagumu kuliko wote. Hawakupewa habari ya kuwapa watu wao. Wakuu waliokaa London walisahau kwamba kuna mtu wa katikati, na walipokumbuka walikuta kwamba ngazi haipo.

WAJIBU WA TATU: KUPANDISHA SHIDA ZA WATU

Ndugu wanachama, sasa tunafika India, na hapa tunaomba masikio yenu yote, kwa maana mambo ya India yanatuhusu sisi tuliokuwa chini ya mtawala yule yule.

Katika jeshi la maji la India la wakati wa ukoloni, meli zilikuwa na mabaharia Wahindi, na amri kubwa ilikuwa mikononi mwa Waingereza. Vijana hao walikuwa wamepigana vita vya 1939 hadi 1945 katika bahari nyingi. Vita vilipokwisha walirudi kwenye chakula kibaya, mshahara mdogo kuliko wa Mwingereza wa cheo sawa, na matusi ya rangi. Kule Bombay, katika chuo cha wapiga ishara kiitwacho Talwar, kamanda Mwingereza alizoea kuwatukana matusi ambayo hatuwezi kuyatamka mbele ya kina mama waliopo hapa. Mabaharia walipeleka malalamiko yao kwa njia ya kawaida. Hayakuwaletea haki.

Tarehe 18 Februari, 1946, mabaharia wa Talwar wakagoma. Kesho yake mgomo ukaenea katika manowari bandarini. Katika siku chache ulikwisha fika Karachi, Madras, Calcutta na kwingineko, ukashika meli 78, vituo 20 vya nchi kavu, na mabaharia wapatao 20,000. Juu ya milingoti wakatweka bendera tatu pamoja: ya chama cha Congress, ya Muslim League, na bendera nyekundu. Viongozi wa siasa walikuwa wakigombana, na mabaharia wakazifunga bendera zao katika kamba moja.

Nao walimchagua nani kuwaongoza? Hapa ndipo penye somo letu. Waliunda halmashauri ya mgomo. Mwenyekiti alikuwa M. S. Khan, Mwislamu, kiongozi wa wapiga ishara. Makamu wake alikuwa Madan Singh, Kalasinga, mkuu katika kazi ya simu ya upepo. Hao wawili hawakuwa maofisa, wala hawakuwa vijana walioingia jana. Walikuwa wa daraja ile tunayoizungumza leo, au waliokuwa njiani kuifikia. Mabaharia 20,000 walipotaka mtu wa kumwamini, walimtazama yule aliyekula nao chakula kile kile kibaya na bado akaijua kazi yake.

Madai waliyoandika hayakuwa ya tumbo peke yake. Walidai chakula na mshahara wa haki, walidai adabu kutoka kwa wakubwa, na pia walidai wafungwa wa kisiasa wafunguliwe na askari wa Kihindi waondolewe Indonesia, ambako walikuwa wakitumiwa dhidi ya watu wanaodai uhuru wao. Mkuu wa jeshi hilo la maji, Mwingereza, alitangaza redioni kwamba serikali itatumia nguvu zote ilizonazo, hata kama jeshi la maji litaangamizwa. Bombay ilimwaga damu. Wananchi waliotoka kuwaunga mkono mabaharia walipigwa risasi barabarani, na zaidi ya 200 walikufa. Kule Karachi manowari iitwayo Hindustan ilipigana kwa mizinga mpaka ikashindwa.

Kisha ikaja saa ngumu. Viongozi wa siasa, Vallabhbhai Patel wa Congress na hata Muslim League, waliwashauri mabaharia waache. Usiku ule halmashauri ya mgomo ilikuwa na mizinga ya manowari mkononi na hasira ya vijana nyuma yake. Ingaliweza kusema, "Pigeni," na mji wa Bombay ungalikuwa jivu. Haikusema hivyo. Iliamua kuacha, tarehe 23 Februari, ikatangaza kwamba inajisalimisha kwa India, si kwa Mwingereza. Ahadi ya kwamba hawataadhibiwa haikutimizwa. Mabaharia 476 walifukuzwa kazi, na wengi wao hawakurudishwa jeshini hata baada ya uhuru kupatikana tarehe 15 Agosti, 1947, miezi 18 baadaye.

Ni rahisi kumsifu mtu anayewasha moto. Tunawaomba mumtazame pia mtu anayeuzima akijua kwamba yeye ndiye atakayeungua. Khan na Madan Singh walipandisha shida za watu, na wakati ulipofika wakawashusha watu kutoka katika hatari. Kiongozi wa mabaharia ambaye anaweza kuwaanzisha watu lakini hawezi kuwasimamisha hajawa kiongozi bado.

WAJIBU WA NNE: KUILINDA AMRI YA WANANCHI

Na hapa kwetu je? Somo hili tulilipata mapema, tena nchi kavu, si baharini. Usiku wa kuamkia tarehe 20 Januari, 1964, askari wa kikosi cha kwanza cha Tanganyika Rifles katika kambi ya Colito, Dar es Salaam, ambayo leo inaitwa Lugalo, waliasi. Waliowaongoza walikuwa masajini. Madai yao yalikuwa mawili: mshahara, na kwamba miaka miwili baada ya uhuru maofisa wao wakubwa walikuwa bado Waingereza. Hakuna Mwafrika mwenye moyo atakayesema kwamba madai hayo yalikuwa ya ovyo.

Lakini waliyafanyaje? Walishika mji kwa bunduki. Maduka yakavunjwa, watu wakafa. Na mwisho wake ukawa nini? Serikali iliyochaguliwa na wananchi ililazimika kumwita Mwingereza yule yule aliyeondoka. Alfajiri ya tarehe 25 Januari, manowari Centaur ikateremsha askari wake, na bendera yetu changa ikalindwa na mikono ya mtawala wa jana. Mwalimu Nyerere hakuficha kwamba hiyo ilikuwa aibu. Walioasi ili Mwingereza aondoke ndio waliomrudisha! Ndipo jeshi la zamani likavunjwa, na tarehe 1 Septemba, 1964, likazaliwa Jeshi la Wananchi.

Mtu anaweza kutuuliza: mbona mnawasifu wa Bombay na mnawalaumu wa Colito? Tunamjibu hivi. Baharia wa Bombay alikuwa chini ya serikali ambayo hakuichagua na ambayo hakuwa na kura ya kuiondoa. Askari wa Colito alikuwa chini ya serikali yake mwenyewe. Aliye chini ya mgeni anaporudisha amri kwa wananchi, amefanya haki. Aliye chini ya wananchi anapowanyang'anya amri kwa bunduki, hata kama ana njaa ya kweli, amejifanya mkoloni mpya.

Lakini tusiishie kumlaumu sajini, kwani hiyo ingekuwa kusema nusu ya ukweli. Pale Colito, kama kule Bombay, ngazi ya kupandisha malalamiko ilikuwa imekatika. Ukimweka mtu katikati ukamnyima njia ya juu, usishangae akitafuta njia ya pembeni. Kwa hiyo wajibu uko pande mbili. Serahangi ana wajibu wa kusema ukweli kwa njia ya halali bila kuchoka. Na mkubwa ana wajibu wa kuusikia kabla haujawa mayowe.

MELI NA WATU

Mwaka 1971, kwa msaada wa China, nchi yetu ilianzisha jeshi lake la wanamaji, na makao yake yakawa Kigamboni. Majirani zetu wa Kenya walikuwa wameanza lao mwezi Desemba 1964. Kabla ya hapo, tangu mwanzo wa miaka ya 1950 hadi 1962, palikuwa na jeshi la maji la Afrika ya Mashariki lililowekwa na Mwingereza, nalo lilivunjwa wakati ukoloni unafunga mizigo. Kwa hiyo vijana wetu hawakurithi jeshi. Walilianza.

Na mwenye kulianza jambo hujua kinachochukua muda. Boti hununuliwa ikaletwa katika miezi michache. Ofisa huweza kupelekwa ng'ambo akarudi na cheti katika mwaka mmoja au miwili. Lakini serahangi hawezi kununuliwa wala kuletwa na meli ya mizigo. Hukua kama mnazi. Ukitaka awepo mwaka wa 15, huna budi kumpanda mwaka wa kwanza, na kumtunza miaka yote iliyo katikati. Tazameni India yenyewe: ilipata uhuru mwaka 1947, lakini ni mwaka 1958 ndipo Mhindi wa kwanza, Katari, alipokuwa mkuu wa jeshi lake la maji. Katika miaka ile 11 ambayo kiti cha juu kilikaliwa na Mwingereza, ni nani aliyezifanya meli zile kuwa za Kihindi kweli? Tunasema ni maelfu ya mabaharia na maserahangi ambao majina yao hayamo vitabuni.

Basi tukitaka bahari yetu ilindwe, tuulize maswali ya namna hii, tena tuyaulize mara kwa mara. Je, sajini wa miaka 15 anaheshimiwa na ofisa wa miaka 23? Anaposema chombo fulani hakifai kwenda baharini, kuna anayemsikiliza, au anaambiwa asilete uoga? Je, nyumba anamokaa mkewe ina maji na dari isiyovuja? Je, anapandishwa cheo kwa ujuzi wake, au kwa kujua kusema "ndiyo bwana"? Ndiyo-bwana ni kamba iliyooza. Ukiitazama haina kasoro, lakini siku ya dhoruba hukatika.

Na kwa serahangi mwenyewe tuna maneno machache. Usiwe mkali kwa wadogo na mnyonge kwa wakubwa. Huo ni utumwa uliovaa cheo. Usile fungu la baharia wako. Usimwadhibu kijana mbele ya watu kwa kosa ambalo ungeweza kumsahihisha pembeni, wala usimfichie kosa ambalo litaua wenzake. Wahenga walisema: mwenda tezi na omo marejeo ni ngamani. Anayezunguka nyuma na mbele ya chombo mwisho wake hurudi ndani ya ngama, huko chini kwenye maji machafu na mzigo. Wewe ulitoka huko. Cheo chako kisikusahaulishe njia ya kushukia.

Ndugu wanachama, wako kati yetu ambao hawajapanda manowari wala hawatapanda, na labda wanajiuliza haya yanawahusu nini. Yanawahusu sana. Katibu wa tawi ni serahangi. Msimamizi wa karakana ni serahangi. Mwalimu mkuu wa shule ya kijijini ni serahangi. Kila mmoja wao amesimama katikati, juu yake amri na chini yake watu. Akipeleka amri chini tu, watu watamwona ni nyapara. Akipeleka kelele juu tu, bila ya kuwaeleza watu wajibu wao, atakuwa mchochezi. Akizitunza njia zote mbili, chombo kitakwenda hata upepo ukiwa wa mbisho.

Nchi inajulikana kwa wakubwa wake, lakini inasimama kwa watu wake wa katikati. Tuwalee, tuwasikilize, na tuwadai kazi.

Uhuru na Kazi!